Kuni za Delphia

Corbett Stidham alikataa kiti. Alisimama kwenye mlango wa jiko la kaka yake, kofia mkononi, akitazama kila kitu isipokuwa uso wa shemeji yake. Alitazama sufuria ya maharagwe. Akatazama bomba la moshi lililofungwa kwa waya, kisha sanduku la matufaha alimolala mtoto Tressie. Mwishowe macho yake yakatua kwenye mandolini iliyokuwa mapajani mwa Delphia, na hapo yakakaa.

"Hali ndiyo hiyo, Estill," alisema, akipaza sauti ifike chumba cha pili alimolala kaka yake. "Bwana Gillum kasema kesho saa sita mchana kama kawaida. Tusipotokea, Jumamosi yetu redioni anawapa wale vijana wa Elkfoot."

Kikohozi ndicho kilichojibu kwanza. Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye vituo, cha mtu aliyeacha nusu ya pumzi zake ndani ya mgodi wa makaa. Tangu majani yaanze kupukutika Estill hakuwa amesimama kwa muda wa kumaliza wimbo mmoja.

"Nendeni," akasema hatimaye. "Nani atashika gitaa?"

"Mdogo wetu Burl. Na kuimba ataimba yeye. Mandolini nimemwambia Lonzo Tackett."

Delphia alikuwa akimenya viazi huku mandolini imelala mapajani kama paka. Kisu kikasimama.

"Mandolini ipo, shemeji. Na anayeipiga yupo."

Corbett akaizungusha kofia. "Unajua mwenyewe mambo yalivyo. Estill akiwa nasi, wewe ni mke wa mtu, umefuatana na mumeo. Estill akiwa kitandani, wewe ni mwanamke ndani ya gari la wanaume."

"Wewe ni shemeji yangu."

"Hapo ndipo maneno yatakapoanzia."

Kwenye jiko, mama yao Corbett na Estill, Bi Arminta, alikoroga maharagwe bila kugeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na mgongo wake ulisikiliza kuliko masikio ya watu wengi.

"Kuna jambo jingine," Corbett akaendelea. "Mandolini ya Lonzo ina ufa. Ikipata joto la ule ukumbi wa sinema tunakopigia inapoteza sauti. Tulikuwa tunaomba hii. Jumamosi moja tu."

"Mnaiomba mandolini. Mimi hamniombi."

"Usiligeuze hivyo, Delphia."

"Sikuligeuza. Nimelirudisha kama lilivyotoka kinywani mwako."

"Na koleo langu?" Bi Arminta akauliza sufuria.

"Koleo gani, Mama?"

"Uliloazima Jumamosi moja tu. Mwaka wa mafuriko."

Corbett akacheka peke yake, kicheko kikakosa pa kukaa. Kutoka chumbani sauti ya Estill ikaja, nyembamba: "Mpe, Delphia. Asije akakosa kwa ajili yetu." Corbett akavaa kofia, akasema ataipitia asubuhi, akashuka baraza akikimbia kidogo kama mtu aliyeiba mayai.

*

Muziki wao hauna ngoma. Banjo inakimbia, fidla inalia, gitaa linatembea, na katikati ya vyote mandolini inakata: nyuzi zinapigwa na kunyamazishwa papo hapo, mlio mfupi mkavu kati ya hatua na hatua. Asiyejua haisikii. Lakini ikikosekana, wote wanaanguka kama ua ulioliwa na mchwa. Siku Delphia alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi, aliketi barazani akafanya mazoezi ya mlio huo tangu chai hadi kuku walipolala, na Bi Arminta akatoa kichwa dirishani.

"Kuni unazochanja huko, binti, mbona haziwashi jiko?"

Neno likabaki. Ikawa kila akishika mandolini, Delphia yuko kwenye kuni zake. Alizichanja hata alipokuwa na mimba, mandolini imeegemea tumbo, mtoto akirukaruka ndani. Sasa Tressie alikuwa na miezi minne, na hakuna wimbo uliomlaza. Alilazwa na kuni.

Delphia aliingia chumbani na bakuli la mtindi uliovurugiwa mkate wa mahindi. Estill aligeuza uso ukutani.

"Usinitazame hivyo."

"Hata hujaniona ninavyokutazama."

"Nausikia mtazamo wako." Alimeza kijiko kimoja, akapumzika kama aliyepanda mlima. "Nimebaki na nini, mke wangu? Mgodini wamenirudisha. Sauti imekwenda. Watu wasikie tena kwamba mke wa Estill Stidham yuko barabarani anatafuta unga, mwenyewe amelala?"

"Watasema nini? Kwamba tunakula?"

Estill alikisukuma kijiko. Unga wenyewe ulikuwa pale pembeni, kiroba cha mwisho cha Ua Jeupe, kampuni iliyodhamini kipindi. Kila Jumamosi walipewa kiroba pamoja na pesa zao kidogo, na kiroba kikiisha kilikuwa nguo. Gauni la Tressie lilitoka humo. Gauni alilovaa Delphia lilitoka humo, maua ya samawati yaliyochuja kwa kufuliwa.

"Nisikilize, Estill," alisema, na uchovu ukaifanya sauti yake kuwa ya upole kuliko alivyotaka. "Nikimpa Lonzo mandolini kesho, Jumamosi ijayo haji tena kuazima mandolini. Ataazima pale ninaposimama. Na pale hapaazimwi pakarudishwa. Nani mwingine wa milima hii aliwahi kumwacha mwanamke asimame na mandolini mbele ya watu? Ni wewe tu. Ukinitoa wewe, hakuna wa kunirudisha."

"Sijakutoa. Nimechoka tu."

"Na mimi nimechoka."

Wakakaa hivyo, watu wawili waliochoka, bakuli kati yao. Mlangoni Bi Arminta alikuwa akijifuta mikono kwa aproni.

"Nitakwenda mimi," akasema.

Estill akageuka kwa mara ya kwanza. Kanisa la mama yake halikuruhusu hata filimbi. Waliimba kwa koo tupu, mzee mmoja akitanguliza mstari na wengine wakiuvuta nyuma yake, na ukumbi wa sinema kwao ulikuwa mlango mmoja tu kabla ya jehanamu.

"Mama, wewe huingii sinema."

"Nani kasema naingia? Nitakaa garini. Mtoto ananyonya, basi aendako mama yake anakwenda. Mtoto anabebwa, basi bibi yake anakwenda. Mwanamke aliyefuatana na mama mkwe, atasemwa na nani?" Akaokota bakuli, akachungulia ndani. "Na kitu cha nyumba hii hakitoki tena na Corbett bila mwenyewe. Maliza mtindi wako."

*

Asubuhi Corbett na Burl walikuja na gari kuchukua mandolini, wakaondoka na wanawake wawili na mtoto, Burl akiendesha. Bi Arminta aliketi mbele na Tressie mapajani, mfuko wa nepi miguuni, na kwa kumheshimu Burl alimeza tumbaku yake badala ya kuitema dirishani. Walipofika alikuwa na rangi ya mtindi.

Bwana Gillum wa kituo cha redio aliwapokea nyuma ya jukwaa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyesema kila jambo baya kana kwamba anampa mtu kiti. Lonzo Tackett alikuwa ameshafika, nywele zimepakwa mafuta, mikono mitupu.

"Mama Stidham," alisema Bwana Gillum, "pole kwa mumeo. Ila ningeomba leo mandolini ashike kijana huyu. Nyumbani watu wanasikia tu, hawaoni. Hapa ukumbini wanaona. Leo mdhamini amekuja na mkewe. Ukiwa na mumeo, wanaona familia. Peke yako, wanaona, sijui niseme nini..."

"Sema tu."

"Wanaona mwanamke anayewaongoza wanaume." Akaonyesha fidla kubwa ya kusimama iliyoegemea ukutani. "Besi ile pale. Mwanamke kwenye besi watu wamezoea. Anatabasamu, anapendeza."

"Sipigi besi, Bwana Gillum."

"Si lazima usikike."

Delphia alimtazama Corbett. Corbett alikuwa akivikagua viatu vyake kana kwamba vilinunuliwa leo. Burl alikuwa hana hali kwa hofu ya kuimba. Usiku kucha Delphia alikuwa amekesha na kikohozi cha Estill, asubuhi amenyonyesha kwa haraka, na sasa titi moja lilikuwa limejaa likiuma. Aliona kiroba cha unga kimeegemea mguu wa kiti, kimeshonwa, kipya, chenye maua mekundu safari hii. Akafikiri: gauni la Tressie la Krismasi. Akauvua mkanda begani, akampa Lonzo mandolini aliyoachiwa na baba yake mwenyewe, akaenda kuishika besi. Ilikuwa ndefu kuliko yeye.

"Dakika saba tuingie hewani," akasema Bwana Gillum, akaenda kuandika majina kwenye karatasi ya kusomea.

Lonzo alijua kupiga, tusimsingizie. Vidole vyake vilipanda na kushuka kama kindi kwenye mti. Ila zamu ya Corbett ilipofika, ikambidi Lonzo arudi nyuma akate tu, hakuweza kutulia. Alikata mbele ya wenzake. Banjo ya Corbett ikajikwaa, ikainuka, ikajikwaa tena.

"Tulia, Lonzo."

"Nimetulia."

"Basi tulia huku nyuma tuliko sisi."

Wakaanza upya. Corbett alikuwa akitoka jasho. Miaka yote alidhani ni yeye anayeivuta bendi.

Ndipo Tressie alipoanza kulia. Sauti ilitoka uchochoroni, ikapita mlango wa nyuma, ikapanda jukwaani. Delphia aliisikia kifuani kabla ya masikioni, na maziwa yakashuka. Bi Arminta alisimama kwenye kizingiti cha mlango ule, ncha za viatu vyake kwenye mstari kabisa, hazivuki.

"Delphia. Mtoto."

"Nampa titi sasa hivi, Mama."

"Nimempa kidole, hataki. Nimempa wimbo, hataki. Titi hataki huyu, macho yamemlegea. Anataka usingizi."

"Dakika mbili," alisema Bwana Gillum akirudi na karatasi yake. "Nani mwenye mtoto huyo? Kipaza sauti kitamnasa. Mtoeni, tafadhali, mpelekeni mbali."

Alipelekwa hadi mwisho wa uchochoro, akasikika vilevile. Wale waliokaa viti vya mbele wakaanza kugeuka. Bi Arminta akarudi, akasimama tena pale kwenye mstari. Akautazama ubao wa kizingiti. Kisha akauvuka, mguu mmoja, mwingine, akiwa ameinua sketi kidogo kama anayevuka maji, akaja moja kwa moja hadi katikati ya wanaume.

"Mtoto huyu anataka kuni zake," akasema.

Delphia aliiegemeza besi ukutani, akanyoosha mkono. "Nipe."

Lonzo akampa. Hakuna mwanamume aliyewahi kubishana na mama wa mtoto anayelia. Delphia hakuivaa hata mkanda. Aliikumbatia, akanyamazisha nyuzi, akaanza kuchanja: polepole, kavu, bila haraka, mlio kati ya hatua na hatua. Tressie akakata kilio, akakwikwika, akasikiliza. Akachanja. Corbett, bila kuambiwa, bila hata kujua, vidole vyake vikaingia, banjo ikakaa mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Burl akaokota gitaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walipoinua macho, taa nyekundu ya matangazo ilikuwa imewaka.

Bwana Gillum alikuwa ameinua mkono kuzuia, mkono ukabaki hewani. Redio haizuiliwi. Akasogea kwenye kipaza sauti, akasoma kile kilichoandikwa: karibuni tena, unga wa Ua Jeupe, na nani kwenye banjo, na nani kwenye gitaa.

"Na kwenye mandolini," akasoma, "Lonzo Tackett."

Delphia alisikia. Ilikuwa zamu yake kuanzisha wimbo, na wimbo hauwezi kusubiri mtu ahuzunike. Akauanzisha. Alipofika kwenye kipaza sauti kwa zamu yake ya pili alihisi unyevu, akatazama chini, akaona maua ya samawati yameiva kifuani. Safu ya mbele mke wa mdhamini alikuwa ameona pia, ameweka mkono mdomoni. Delphia akaipandisha mandolini juu kidogo, ikafunika, akaendelea kupiga hivyo hivyo, viwiko vimepinda vibaya, na siku ile, walivyosema baadaye wote waliokuwepo, hakukosea hata mahali pamoja.

Lonzo alisimama nyuma ameikumbatia besi. Angalau besi ilikuwa imepata mtu. Mtoto alilala.

*

"Jumamosi ijayo njooni," Bwana Gillum alisema walipokuwa wakifunga vyombo. "Wewe pia, mama. Mdhamini karidhika."

"Na jina?"

"Jina gani?"

"Langu."

Akakuna shingo. "Sasa wameshamzoea Lonzo."

"Kwa nusu saa?"

"Redio ndivyo ilivyo, Mama Stidham." Akamkabidhi kiroba cha unga kwa mikono miwili, kwa adabu sana.

Nyumbani Estill alikuwa ameketi kitandani, redio mezani bado ina joto. Delphia alivua viatu, akaketi miguuni pake, akaanza kumnyonyesha Tressie.

"Walisema Lonzo," Estill akasema.

"Nilisikia."

"Yule jirani Zella alivuka daraja kuja kusikiliza nami. Akasema, Estill, usikasirike, lakini huyu Lonzo anampita mkeo."

"Ukamwambiaje?"

Estill alivuta shuka. "Nilijua ni wewe kabla hata hawajataja mtu. Mlio ule nimelala nao miaka sita. Nilikuwa natokwa machozi, nikasingizia kikohozi."

"Ukamwambiaje Zella, Estill?"

"Sikumwambia kitu."

Delphia alimhamisha mtoto titi la pili. Hakukasirika. Kukasirika nako kunataka nguvu, na zake zilikuwa zinanyonywa.

*

Jumapili ibada ilikwisha kwa kupeana mikono na kulia kidogo, kama siku zote, kisha wanawake wakasimama uani wakifunga kofia zao dhidi ya upepo. Zella alikuwa katikati. Zella hakuhitaji redio: alikuwa redio.

"Nyie, mlimsikia Lonzo Tackett jana? Mimi nilikuwa kwa Estill. Mandolini ile ilikuwa inasema. Delphia, mdogo wangu, mshukuru Mungu umepumzika, mwache mwanamume aifanye kazi yake."

Wanawake wakacheka, si kwa ubaya. Delphia aliweka kidole mkononi mwa Tressie, Tressie akakishika. Alikuwa na jibu. Alilitafuta, akaona liko mbali mno kulifuata. Tena jibu la mtu mwenyewe juu ya sifa zake nani hulipokea? Akatazama njia ya nyumbani.

Bi Arminta alikuwa akifunga utepe wa kofia. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Hatua chache kutoka hapo Mzee Enos, mchungaji wao, alisimama na kitabu cha nyimbo kwapani. Bi Arminta angeweza kunyamaza. Tangu jana alikuwa amenyamaza, na Corbett na Burl wasingemtaja mama yao.

"Hakuwa Lonzo," akasema.

"Dada Arminta, redio ilisema Lonzo," Zella akamkatiza.

"Redio ilisoma karatasi. Aliyepiga ni huyu hapa, mke wa mwanangu. Lonzo alishika ukuta."

"Wewe ulijuaje?" Zella akauliza, na papo hapo kofia zote zikamgeukia Bi Arminta, maana kila mmoja aliona swali lilikokuwa linakwenda.

"Nilikuwa pale."

"Nje, garini?"

Delphia alimgusa kiwiko. Alitaka kumwambia, Mama, acha, basi inatosha. Bi Arminta hakuusikia mkono.

"Ndani," akasema. "Jukwaani. Nimembeba mtoto, nimesimama karibu kama ninavyosimama nawe. Naye alipiga gauni limelowa maziwa, mbele ya watu wote, na hakuna mwanamume pale aliyeweza kumfuata bila kumsikiliza yeye kwanza. Kwa hiyo ukisimulia, Zella, na utasimulia, taja jina sawasawa. Delphia Stidham."

Mzee Enos alikitoa kitabu kwapani, akakihamishia kwapa la pili.

"Tutazungumza, Dada Arminta."

"Tutazungumza, Kaka Enos. Unapajua kwangu."

Zella tayari alikuwa akifunga shali. Kabla ya chakula cha jioni jina lingekuwa limevuka daraja, limepanda vijito vyote viwili, na Jumatatu lingeingia mgodini na zamu ya asubuhi. Bwana Gillum na mnara wake wasingeweza kulizuia.

Wakaondoka, wawili na mtoto, wakishuka njia yenye majani yaliyooza. Delphia alitafuta neno la kumwambia mkwewe, na kila alilolipata lilikuwa dogo. Walipofika kijitoni Bi Arminta alisimama kupumua, mkono kiunoni.

"Tembea," akasema. "Estill hajala, na jikoni kuni zimekwisha. Zile nyingine. Zako tunazo za kutosha."